Mgeni Rasmi na Nyuki Wangu

Kuna watu wanaoogopa nyoka na wengine wanaoogopa radi. Mimi naogopa mgeni rasmi. Mwenyekiti wa kijiji akitangaza tu kwamba anakuja, naanza kujiuliza safari hii nitapoteza nini. Ujio wa kwanza lilikwenda kochi langu. Vijana walilibeba hadi meza kuu, likarudi na miguu mitatu na doa la mchuzi. Nikasema si neno, kochi ni kochi. Ujio wa pili walikwenda nyuki wangu, na hapo sikuweza kusema si neno.

Kijiji chetu kiko upande wa Handeni, ukiipita Kwedizinga unaendelea kidogo. Jina lake silitaji kwa sababu bado naishi hapo na bado nahitaji muhuri wa mwenyekiti.

Nyuki wale niliachiwa na marehemu baba. Kaka zangu walichukua mashamba wakaniachia wadudu wanaouma, wakasema ni haki kabisa, kwa kuwa hata mimi nauma. Baba alikuwa anawafuga kwenye magogo. Mimi nikawahamishia kwenye mizinga ya mbao, nikaipanga mpakani mwa shamba langu chini ya mikwaju. Kaka zangu wameshauza karibu urithi wao wote. Wa kwangu ulikuwa unaongezeka kila mwaka bila kuomba mbolea, na kila nikiwatazama nyuki wale nilikuwa namwona baba na koti lake la mvua alilovaa kurinia hata wakati wa kiangazi. Sikuwa na kitu kingine chake.

Asali yao nilikuwa naipeleka Korogwe, mtaa wa Kilole, kwa mtani wangu, mfugaji wa nyuki anayenunua pia asali ya wenzake. Yeye ni Mnyamwezi, babu yake alikuja huku kukata mkonge na hakurudi. Mimi ni Mzigua. Kwa hiyo tangu siku tuliyofahamiana hatujawahi kuzungumza kwa adabu. Yeye husema asali ya Wazigua ni maji ya miwa, na kwamba kwao Tabora hata nyuki amekwenda jando. Mimi humwambia kwao walibeba mizigo ya watu mpaka shingo zikaingia mabegani. Kisha ananipimia, ananilipa, ananinunulia soda. Pakitokea msiba kwetu huwa anafika, na kwa ruhusa ya utani hulala njiani kuelekea kaburini, akakataa kuinuka mpaka apewe kuku. Huwezi kumkasirikia mtani. Ukimkasirikia, wewe ndiye unayeonekana huna adabu.

Sasa, mwaka huo viwavijeshi walitukalia kooni. Mahindi ya masika yalikuwa hayajafika hata magotini na tayari majani yake yalikuwa na matundu kama chandarua cha zamani. Ndipo afisa ugani wetu, binti aliyetoka Dindira, akaja na habari njema. Alituita kwenye shamba darasa, ambalo limepakana na langu, upande ule ule wa mikwaju. Akasema kuna nyigu wadogo mno, wadogo kuliko chawa, ambao hutaga ndani ya mayai ya nondo wa viwavijeshi. Yai lililotakiwa kutoa kiwavi linatoa nyigu mwingine. Wanaletwa wakiwa bado hawajatoka, wamebandikwa kwenye vikadi, unatundika kadi kwenye hindi, wanatoka wenyewe na kuanza kazi.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mwanangu, hao nyigu wakimaliza mayai ya nondo, si watahamia kwenye mayai ya kuku?"

Watu wakacheka, isipokuwa wenye kuku.

"Hapana, babu," binti akasema. "Hawa wanajua mayai ya nondo tu. Siwezi kukudanganya, nondo wengine wa porini wanaweza kuguswa kidogo. Lakini kuku wako salama."

"Na nyuki wangu?" nikauliza.

"Mama, nyuki wako hata hawatajua kama kuna mgeni." Kisha akatukazia macho wote. "Ila nina sharti moja. Hapa pasipuliziwe dawa. Dawa haichagui. Inaua kiwavi, inaua nyigu, inaua nyuki, sisimizi, buibui, vunjajungu. Na hao wote ni vibarua wenu msiowalipa."

Tukaitikia "Ndiyo!" kwa ile sauti ya kijiji chetu ya kukubali jambo lisilo na posho.

Mimi sikumwamini sana. Nyigu ni nyigu. Nilirudi nyumbani nikaanza kuwalinda nyuki wangu dhidi ya nyigu ambao nisingeweza kuwaona hata wangenitua puani. Nilipaka majivu kwenye miguu ya vichanja vya mizinga, nikafyeka majani, nikakagua milango asubuhi na jioni. Nilijiandaa vizuri sana kupambana na mdudu asiyekuwa na ugomvi na mimi.

Kadi zilifika kwa wakati wake, mahindi yakiwa magotini. Binti akazileta kwenye kiboksi chenye barafu, akasema zitundikwe leo leo. Mwenyekiti akashangaa.

"Bila uzinduzi?"

"Mwenyekiti, wadudu hawasubiri hotuba."

"Binti yangu, hawa ni wadudu wa mradi. Huwezi kuwaachia kimyakimya kama mtu anayefungulia kuku asubuhi. Lazima awepo mgeni rasmi."

Mgeni rasmi akatafutwa. Akapatikana, akakubali, akapata udhuru. Kadi zikawekwa ofisini kwa mtendaji juu ya kabati. Nyigu wakatoka huko huko, wakazindua mafaili. Binti akaomba kadi nyingine, mgeni rasmi akapata safari. Mahindi nayo hayakujua kama kuna ratiba, yakaendelea kukua, na viwavi wakaendelea kuyala. Mwisho mgeni akathibitisha kabisa kwamba anakuja, na wakati huo mahindi yalikuwa yameshatoa mbelewele. Binti alisema sasa tumechelewa, lakini akaleta kadi kwa sababu aliagizwa alete.

Mahindi yakiwa kwenye mbelewele, nyuki huwa hawalali nyumbani asubuhi. Wanakwenda kuchukua ule unga wa njano, wanarudi nao miguuni kama wanawake waliotoka sokoni. Nyuki wangu walikuwa wamehamia shamba darasa. Kila mtu alikuwa anawaona.

Kamati ya maandalizi ilipokwenda kukagua shamba, ilikuta majani yaliyochanika na kinyesi cha viwavi kikiwa kimejaa kama unga wa mbao. Mwenyekiti akashika kichwa. Atakuja mgeni rasmi, na wapiga picha wake, akute aibu hii?

Hapa lazima nieleze jinsi tunavyopokea wageni, asije mtu akadhani watu wetu ni wabaya. Kwetu mgeni haonyeshwi tatizo. Mgeni akibisha hodi, nguo chafu zinasukumwa uvunguni, ndoo iliyotoboka inafichwa nyuma ya nyumba, na mgonjwa anaambiwa ajitahidi kutokohoa. Tunafanya hivyo kwa upendo. Kamati nayo ikatenda kwa upendo huo huo. Ikaamua kwamba mgeni anayekuja kuzindua vita dhidi ya viwavi asikute kiwavi hata mmoja. Ni sawa na kumwita daktari halafu ukamficha mgonjwa.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa kamati ya chakula, na asubuhi ile nilikwenda Korogwe kununua viungo vya pilau. Nikapita Kilole, nikampelekea mtani asali, nikamwalika aje kesho yake ale pilau ya serikali.

"Nitakuja," akasema, "ila nitabeba chakula changu. Siwaamini Wazigua kwenye nyama."

Nilirudi alasiri. Kabla sijafika nyumbani nilisikia harufu, ile harufu kali inayokaa nyuma ya koo. Nikatua mfuko njiani, nikakimbia hadi kwenye mikwaju.

Nyuki walikuwa chini. Wengine walikuwa wanajizungusha kwenye vumbi, ndimi zimetoka nje, mabawa yanatetemeka bila kuwanyanyua. Wengine walikuwa wameshakunja miguu, na unga wa njano bado uko miguuni. Kwenye milango ya mizinga walinzi walikuwa wanawasukuma nje ndugu zao waliorudi na sumu mwilini. Nilipiga magoti, nikajaribu kuwaokota na kuwaweka kwenye majani, kana kwamba jani ni hospitali. Walikuwa wengi mno. Nililia kwa sauti siku ile, na sioni haya kusema.

Niliingia shamba darasa. Chini ya mahindi viwavi walikuwa wamekufa, ni kweli. Pembeni yao walikuwa wamekufa sisimizi, buibui, na vunjajungu mmoja mkubwa akiwa chali amefumbata mikono. Kwenye dimbwi tunaponyweshea mbuzi nilimkuta jirani yangu anasuuza bomba la dawa la mgongoni. Chupa ya dawa ilikuwa chupa ya soda, haina hata karatasi ya maelezo.

"Nani kakutuma?"

"Kamati, dada. Wamesema nichanganye dawa mbili ili ishike."

"Asubuhi? Nyuki wakiwa kwenye mbelewele?"

"Jioni nilikuwa natakiwa nikafunge turubai."

Nikaenda kwa mwenyekiti. Nilimkuta anajaribu kipaza sauti. Nilimweleza yote. Alinisikiliza kwa masikitiko, mkono kifuani.

"Pole sana, mama. Lakini nyuki ni wadudu wa porini, watarudi. Mgeni rasmi tukimpoteza ndiyo basi." Kisha akashusha sauti. "Viungo umepata?"

Pilau nilipika. Mchele na mbuzi vilichangwa na kijiji kizima, na watu wengi hawakuwa na habari ya dawa, nisingeweza kuwalaza njaa. Nilipika kwa hasira, na nadhani hasira iliongeza kitu, kwa sababu mpaka leo pilau ile inasifiwa.

Siku ya sherehe mgeni rasmi alifika jua likiwa utosini. Alipelekwa kwanza kutembelea shamba. Alitembea kati ya mistari, akageuza jani hili, akageuza lile, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Jamani, sioni kiwavi hata mmoja! Hawa wadudu rafiki wamefanya kazi kubwa."

Wadudu rafiki walikuwa bado kwenye kiboksi cha barafu, mkononi mwa binti wa Dindira. Niliona binti akiinama. Alivuta jani la ndani la hindi, akatoa kiwavi mweusi aliyekakamaa, akanusa vidole vyake. Akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama mawingu. Binti akanong'ona kwamba kadi zisitundikwe, shamba lina sumu. Akaambiwa atundike, wapiga picha wanasubiri. Akatundika, na mgeni rasmi akashika kadi ya mwisho akatabasamu mpaka picha ikapatikana.

Hotuba zilikuwa zimeanza mtani alipofika. Alikuwa amepitia nyumbani kwangu kwanza, akitafuta mahali pa kuegesha pikipiki, na alikuwa ameiona mizinga. Nilikuwa nimesharudi jikoni nyuma ya turubai nikasikia kilio cha mwanamume. Nikatoka na mwiko mkononi. Mtani alikuwa anakuja katikati ya viti vya plastiki, kichwani kabeba ungo wangu uliofunikwa khanga, analia kwa sauti ya msibani.

"Uwii! Mzigua kafiwa, anapika pilau! Mmeona wapi jambo hili?"

Watu wakaanza kucheka. Walijua ni mtani wangu, na mtani hazuiwi. Akafika mbele ya meza kuu, akatua ungo, akafunua khanga. Ulikuwa umejaa nyuki wakavu hadi ukingoni.

"Marehemu ndio hawa. Wafiwa wako wapi? Msemaji wa familia nani? Mwenyekiti, ni wewe? Mbona shati lako linanuka dawa?"

Kicheko kikapungua. Wanakamati walikuwa wameinama, kila mmoja anatafuta kitu miguuni. Mtani akajilaza chini kando ya ungo, akanyoosha miguu.

"Siinuki! Nataka kuku wangu. Na nataka muuaji aje anishike mkono aniambie hawa walimkosea nini. Walikwenda kazini asubuhi, hawakurudi. Hata mkoloni aliwapa manamba wa mkonge muda wa kula uji!"

Nikajikuta nimeshafika pale, nimesimama juu ya ungo wa nyuki wangu, nalia mbele ya watu wote. "Mliwaua jana asubuhi," nikasema. "Mlikuwa mnawaona kwenye mbelewele, na mkawapulizia. Baba yangu aliniachia hawa tu."

Kwa muda mfupi niliamini kwamba basi, jambo limesemwa, na mwenye masikio amesikia. Yule mzee wa mayai ya kuku alikuwa amevua kofia.

Mgeni rasmi akasimama. Akaanza kupiga makofi.

"Hongereni sana! Nimeona maigizo mengi kuhusu madhara ya viuatilifu, lakini hili limenigusa. Ujumbe umefika. Nani kaliandaa?"

Mwenyekiti akanyanyuka polepole, akafunga kifungo cha koti. "Ni kijiji, mheshimiwa. Tulifanya mazoezi."

Makofi yakapigwa turubai nzima. Mtani aliinuka, akajipangusa vumbi. Hakula pilau. Alinisaidia kubeba ungo, tukachimba shimo chini ya mkwaju, tukawafukia, akaondoka bila kunitukana hata kidogo.

Zile kadi hazikutoa kitu. Baada ya muda mfupi nondo wapya wakaja, wakataga kwa raha, kwa kuwa hapakuwa na nyigu wala sisimizi wala buibui wa kuwasumbua, na viwavi wakawa wengi kuliko mwanzo. Mwenyekiti akasema hadharani kwamba nyigu wa kuletwa hawana lolote, bora dawa. Binti wa Dindira aliwaeleza wakubwa wake kilichotokea, wakamwambia asiwakatishe wananchi tamaa. Vuli ilipofika tukapanda matikiti. Yalitoa maua mengi, yakapukutika, na matunda machache yaliyoshika yakawa yamepinda upande mmoja. Mwenyekiti naye alipanda. Alinipitia siku moja akiwa na tikiti lililopinda mkononi.

"Mama, nyuki wako siku hizi hawatoki?"

Nilimfungia mlango.

Mtani alijitolea kuniletea kundi la nyuki kutoka kwenye mizinga yake. Alikuja mwenyewe kuniambia, na bado alikuwa anazungumza nami kwa adabu, jambo lililoniumiza zaidi. Nilimkatalia. Nilitamani nyuki kuliko alivyodhani. Lakini nilikuwa nasikia bomba linatikiswa kila asubuhi upande wa pili wa mpaka, na sikuona kwa nini niwatoe viumbe wazima Korogwe niwalete kwangu waje wafe.

Basi mizinga ikabaki mitupu, mpaka kamati ya maandalizi ilipobisha hodi. Kijiji chetu kilikuwa kimechaguliwa kuwa cha mfano katika kutunza wadudu rafiki. Mgeni rasmi alikuwa anarudi, na safari hii anakuja na wageni wenzake. Walikuwa na kopo la rangi ya bluu na brashi.

"Humo hamna kitu," nikawaambia.

"Hatafungua, mama. Nani anafungua mzinga wenye nyuki?"

Wakapaka rangi. Ilipendeza, siwezi kusema uongo.

Mgeni rasmi alikuja, akasimama chini ya mikwaju na wenzake, akainama akaweka sikio kwenye mzinga wa nyuki wa baba yangu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nimeambiwa nivae nguo nzuri.

"Nyuki wenu ni wapole kweli," akasema. "Hata kunguruma hawangurumi."

"Wamezoea watu," mwenyekiti akajibu.

"Wamekufa, mheshimiwa," nikasema. "Wamekufa wote. Walipuliziwa dawa kwa ajili ya ujio wako."

Akageuka kunitazama. Uso wake ukachanua kama wa mtu aliyekutana na jamaa wa zamani. "Huyu si ndiye yule mama wa igizo?" akamuuliza mwenyekiti. Machozi yalikuwa yameshaanza kunitoka na sikuweza kuyazuia. Akawageukia wageni wake, akaninyooshea mkono kwa fahari. "Mnaona? Hata machozi anayatoa papo hapo. Huyu ana kipaji."

Wakanipigia makofi.